Ng'ombe Kumi na Wawili Wasio Wako

Nyarugusu, Geita
Jumapili, baada ya ibada

Mayu,

Shikamoo, na mwangaluka ya mbali. Bibi nampigia magoti huko huko alipolala. Mwambie mjukuu wake mkubwa anauliza kama miguu imepungua kumuuma. Na wewe je, presha? Vidonge unameza kila siku, au unameza siku ukikumbuka? Nauliza kwa sababu juzi ulipokuwa unanikaripia kwenye simu nilisikia pumzi inavyokukatika katikati ya maneno, nikaogopa, ingawa sikuacha kubishana.

Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Mwili wangu kweli ni mzima. Lakini nina hasira, mama, na nimeona nikuambie mapema ili usihangaike kujiuliza. Nina hasira na kile kishikwambi chao, nina hasira na Mzee Masunga, nina hasira na wewe, na nikishawamaliza wote hao najikasirikia mwenyewe. Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara mbili nimekupigia, mara mbili umenikatia. Halafu simu yako ina sauti kama spika ya kanisani: nikisema neno huku, mama Ngollo anajibu kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. Mambo haya si ya mama Ngollo. Barua hii nampa Mama Leah, yule mchuuzi wa dagaa anayetoka Nkome na mzigo kila wiki kwenda Shinyanga, na nimemwambia akupe mkononi mwako.

Nianze na ule mkutano wa kijiji. Sikuwepo, lakini mdogo wangu Sundi kanisimulia mpaka nimeuona. Watu wamekaa mbele ya ofisi, mtendaji anasoma majina ya wanaoendelea kupata ruzuku ya kaya maskini, halafu anaikunja ile karatasi anatoa nyingine. Anasema sasa nasoma kaya zilizohitimu, kaya zilizoinuka kiuchumi, tuzipigie makofi. Jina la kwanza, lako. Watu wakapiga makofi. Na wewe, mama yangu, ukasimama! Ukatengeneza khanga, ukainama kidogo, ukasema wabeja. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama, ulishukuru kufukuzwa. Sundi anasema ulirudi nyumbani unatembea kama mtu aliyetoka kubarikiwa, ukamwambia Bibi kwamba umetajwa mbele ya kijiji kizima. Nadhani ulifikiri kuhitimu kunakuja na zawadi.

Siku ya malipo ukapanga foleni ukaambiwa jina halipo. Hata hapo ukanyamaza. Mimi ukaniambia ruzuku imechelewa. Malipo mengine yakapita, ukaniambia tena imechelewa, safari hii ukaongeza kwamba ni mtandao. Ningeendelea kuamini mtandao mpaka leo kama si Sundi. Alinipigia analia, kwikwi tupu, nikadhani Bibi katuacha. Kumbe ni fomu ya mkopo wa chuo. Mtoto kafaulu, kapata nafasi ya kusomea ualimu wa sayansi, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na fomu ina mahali pa kuandika namba ya kaya kwenye mpango huo wa ruzuku. Mwenye namba anajulikana moja kwa moja kuwa ni mhitaji. Alipoifuata kwa mtendaji akaambiwa, "Namba yenu imefungwa. Nyie si mmehitimu?" Bila hiyo namba, Sundi aanze kueleza kwa nini mtoto wa mama mwenye ng'ombe kumi na wawili na dada mwenye dhahabu anaomba mkopo. Na dirisha la kuomba linafungwa mwisho wa mwezi huu.

Hapo ndipo nilipokupigia nikauliza, ng'ombe kumi na wawili gani? Ukakata simu.

Lakini kwanza nikueleze hiyo dhahabu yangu, maana naona hata wewe huifahamu. Asubuhi nakaa chini ya turubai na wanawake wenzangu karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mawe yanakuja makubwa, hayaingii. Kazi yetu ni kuyaponda kwa nyundo mpaka yaingie. Tunalipwa kwa mfuko. Vumbi linakaa kooni mpaka chakula kinakuwa na ladha ya chokaa, na kidole changu cha shahada cha kushoto kucha haijaota tena tangu kwaresma. Mchana naenda kuosha marudio, yaani mchanga ambao wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wameshauosha wakachukua chao, sisi tunatafuta walichosahau. Kuna wiki unaosha unapata kipande kama punje ya ulezi. Kuna wiki unaosha unapata mgongo kuuma tu. Tangu nije huku nimepata cha kusema nimepata mara moja tu, na hiyo ndiyo yale mabati ya paa letu. Mtu akitoboa hapa, akapata dhahabu ya maana, habari inafika mpaka Kahama kabla hajanawa mikono. Sisi ambao hatujatoboa hakuna anayetutangaza, kwa hiyo huko nyumbani mnafikiri kila aliyekuja Nyarugusu analalia dhahabu.

Basi nikamwachia mwenzangu nyundo, nikapanda gari mpaka Kahama, nikalala kwa rafiki yangu wa kwaya, asubuhi nikachukua basi la Shinyanga. Nisamehe kwa hili ninalotaka kukuambia. Gari lilipita njia panda ya kwetu. Niliyaona majabali, nikaiona miti ya mama Ngollo, nikaliona paa letu linang'aa. Kondakta akauliza kuna wa kushuka hapa? Nikageukia upande wa pili. Nilijua nikishuka utanikalisha kwenye kigoda, utanipa maziwa ya mgando, utaniuliza habari za watu mia moja, na ofisini sitafika. Nililia kidogo, halafu nikanunua mahindi ya kuchoma Tinde nikala kwa hasira.

Pale ofisini nilikaa kwenye benchi mpaka saa sita. Afisa ni kijana wa rika langu, mpole tu, sikumkuta na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikera zaidi kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikamweleza kwamba mama yangu kakatwa kimakosa. Akaandika jina lako, akasubiri, akasema, "Dada, hapa hakuna kosa. Mama alihojiwa nyumbani kwake, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Majibu ni yake mwenyewe." Akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome.

Nikasoma. Ng'ombe, kumi na wawili, mmiliki mkuu wa kaya. Paa, bati. Wanakaya, wanne. Bibi, wewe, Sundi, na wa nne ni mimi: Minza, mchimbaji wa dhahabu, Geita.

Nikamwambia, "Mimi sichimbi. Naponda mawe."

"Sawa. Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?"

"Mwezi upi?"

Akacheka, mimi sikucheka. Akasema, "Humu hakuna sehemu ya kuandika mwezi upi."

"Basi andika sifuri."

"Siwezi kuandika sifuri, dada. Unakula, umevaa, umelipa nauli ukafika hapa."

Nauli! Mama, nilitaka kumwonyesha mikono yangu nikaona aibu. Nikamuuliza huyo anayeamua nani maskini na nani si maskini yuko chumba gani nimfuate. Akasema hayupo chumba chochote. Yeye anaingiza majibu, mashine inajumlisha nyumba, mifugo, watu na kazi zao, halafu inamwambia kaya iko juu ya mstari au iko chini. Nikauliza huo mstari uko wapi. Akanitazama, akashusha sauti, akasema, "Hata mimi sijawahi kuuona." Basi nikajua huyu naye anaponda mawe tu, mwenye duara ni mwingine.

Alisema mambo ya bati yasingetuangusha peke yake. Ng'ombe mmoja au wawili wasingetuangusha. "Lakini kumi na wawili," akasema, "hata mimi mwajiriwa sina." Na juu yake mtoto mgodini.

Sasa mama, tuseme ukweli mimi na wewe, kwa kuwa hapa hakuna minyaa. Wale ng'ombe ni wa Mzee Masunga. Wewe unajua, mimi najua, marehemu baba alijua kabla hajafa. Wa kwetu tuliwauza wote kwa ajili ya matibabu yake, mpaka yule ndama mwekundu aliyempenda. Zizi likabaki majani. Ndipo Mzee Masunga, rafiki yake wa tangu ujana, akaleta wake akuwekee, wawili wiki hii, watatu wiki ile, ili watu wasiunganishe. Makubaliano nilikuwepo nikiyasikia: maziwa yako, samadi yako, na baada ya miaka mitatu mtamba mmoja anakuwa wako kabisa. Na wewe kazi yako ni kuwatunza na kunyamaza. Ndivyo watu wetu wanavyowekeana ng'ombe siku zote. Ng'ombe aliye zizini kwako, mbele ya watu ni wako, na mwenye mali humtaji. Mtunzaji anayetaja jina hapewi ng'ombe tena na mtu yeyote mpaka anazikwa.

Kwa hiyo yule mwezeshaji wa ruzuku alipokuja na kishikwambi chake, mwenyekiti yuko pembeni, mama Ngollo kasimama kwenye minyaa anajifanya anatafuta kuku, akakuuliza ng'ombe hawa ni wa nani, ukajibu ni wangu. Ungeulizwa na mwizi ungejibu hivyo. Ungeulizwa na mchungaji wa kanisa ungejibu hivyo na usingeona kwamba umesema uongo. Tatizo safari hii wameingizwa kwenye mashine, na mashine haijui habari za Mzee Masunga.

Na mimi? Ulisema nini juu yangu? Ulipopokea simu mara ya pili ulinijibu mwenyewe, na maneno yako nimeyakariri. "Aliniuliza watoto wangu nikataja watoto wangu. Ulitaka nimwambie Minza si wa hapa? Umeolewa wapi? Umejenga wapi? Umekufa?" Halafu ukakata. Mama, hakuwa anauliza umezaa wangapi. Kwao kaya ni wale wanaolala hapo na kula chungu kimoja. Mimi nina mwaka wa nne sijala chungu chako zaidi ya Krismasi. Hukukosea kwa roho yako, lakini kwenye ile hesabu umewaonyesha binti mwenye mgodi, wakati binti mwenyewe ana nyundo.

Sasa niseme linaloniuma. Hujui kuwa maskini mbele ya watu. Ndani mnakula mlo mmoja, Bibi anapewa maziwa nyie mnakunywa uji wa mtama bila sukari, lakini akija mgeni unachinja kuku wa mwisho na kumwambia kwetu hakuna shida. Akija mtu na fomu ya kutafuta wenye shida, naye unamwambia kwetu hakuna shida! Nimekasirika mpaka nimeongea peke yangu njiani watu wakanitazama. Lakini nani alikufundisha zaidi ya mimi? Nilipopata ile dhahabu yangu moja, ningeweza kununua magunia ya mahindi ya mwaka mzima. Nikanunua mabati. Nikanunua mabati kwa sababu mahindi yanakaa ndani na mabati yanaonekana kutoka barabarani. Nilitaka watu wa kwaya wapite na kusema mtoto wa marehemu kafanya kitu. Wamesema, na mwezeshaji naye kasikia.

Afisa aliniambia njia ipo. Kuna dirisha la malalamiko, timu itarudi kuhesabu upya kabla ya mwisho wa mwezi, na mkutano wa kijiji utathibitisha. Kama ng'ombe ni wa mtu mwingine, mwenye ng'ombe aje mwenyewe au alete barua, na itasomwa mkutanoni ili kila mtu asikie, kwa kuwa hata orodha ilisomwa mbele ya kila mtu. Nikamuuliza haiwezi kusomwa humu ndani mlango umefungwa? Akasema taratibu ndivyo zilivyo, ili watu wasidanganye. Nikaona hapa ndipo penyewe: ukweli wetu ni wa kunong'ona, na wao wanaupokea wa kutangaza tu.

Nilirudi huku, nikaponda siku tano nipate nauli nyingine, nikaenda Buseresere anakoishi Mzee Masunga.

Mzee Masunga kanawiri. Ana mashine ya kukoboa mpunga na kiti cha kuzunguka. Nikampigia magoti, shikamoo baba, marahaba. Unajua swali lake la kwanza? "Ng'ombe wazima?" Ng'ombe! Nikamwambia wazima, na mama yangu naye mzima kama utapenda kujua. Akajichekesha. Nilipoanza kumweleza, mke wake akaingia na chai, na yule mzee akanikazia macho, akasema kwa sauti kubwa, "Nani kakuambia nina ng'ombe? Mimi ni mtu wa mpunga." Nilidhani kachanganyikiwa. Mama yule alipotoka, akanisogelea.

"Mwanangu, nina vijana watatu. Wote wameshikwa na wazimu wa dhahabu. Mmoja kauza shamba langu la mihogo akaenda kulitia kwenye duara, na duara likajaa maji. Wakijua kuna ng'ombe kumi na wawili Shinyanga, wiki haiishi ng'ombe wale watakuwa baruti na matimba ya kuegemeza duara. Wako salama kwa sababu mama yako anajua kunyamaza. Siku jina langu litakaposomwa mkutanoni, umewachinja."

"Na sisi je, baba?"

"Nyie si mnakunywa maziwa?"

Mama, sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya, lakini siku ile nilimjibu. Nilimwambia kwamba maziwa yake yanatugharimu ruzuku, na yatamgharimu Sundi chuo, na kwamba kama siri ni ya kwake basi gharama yake nayo ingekuwa ya kwake. Nikaacha chai mezani ikiwa nzima, nikaondoka bila kuaga. Najua umeshika kichwa hapo ulipo. Shika tu.

Nilikuwa stendi nasubiri gari la Geita nilipomwona anakuja nyuma ya bodaboda, mzee wa watu kashika kofia kwa mkono mmoja na dereva kwa mkono mwingine. Akashuka akahema mpaka akatulia. Akasema, "Sitaandika barua. Hilo usiniombe. Lakini nitawahamisha. Nina mtu mwingine, wewe usimjue. Kabla hao watu wako hawajaja kuhesabu, zizi litakuwa jeupe, na mama yako hatataja jina la mtu. Mtamba mmoja ni wake, tulikubaliana, huyo abaki." Kisha akaniuliza habari zako, kwa kweli safari hii, na nikaona macho yake yamelowa kidogo alipomtaja baba. Sikujua nimshukuru au nimnunie. Nikasema wabeja, kwa kuwa ndiyo neno lililokuwa karibu.

Kwa hiyo sikiliza, mama. Wiki hii watakuja watu wawili mchana kweupe, mmoja kilema wa mguu wa kushoto. Watasema wametumwa na mtu wa mpunga. Wape kumi na mmoja. Usiulize wanakopelekwa. Najua maana yake. Maziwa yamekwisha mpaka huyo mtamba azae. Bibi atakosa mgando wake, na yeye ndiye atakayelia waziwazi kuliko wote. Na watu watasema. Mama Ngollo atasema mjane kauza ng'ombe wa marehemu, au mwanae kawatia kwenye duara, na wewe utakaa pale kwenye kigoda ukisikia na hutaweza kujibu, kwa sababu ukijibu umemtaja. Waliokupigia makofi watakuja kukutazama kwa huruma. Hilo ndilo ninalokuomba, na najua kwako ni zito kuliko kukosa ruzuku yenyewe. Nimekasirika kwa niaba yako. Tunafukuza ng'ombe ili tuonekane maskini, na maskini tulikuwa tangu mwanzo.

Timu ikija, usichinje kuku. Nakuomba kwa jina la Mungu, usichinje kuku. Wakiuliza mmekula nini jana, sema mlichokula. Wakitaka kuingia jikoni, waache waingie, usikimbilie kufunika vyungu. Si dhambi, mama, na si kuomba. Utakuwa unawaambia tu jinsi ilivyo.

Limebaki langu. Yule afisa alinipa karatasi ya kurekebisha wanakaya, na nimeiweka pamoja na barua hii, imekunjwa mara nne. Ofisi ya huku imeshaigonga muhuri kuonyesha kwamba naishi Nyarugusu, najitegemea, silali wala sili kwako. Kila kilichoandikwa humo ni kweli, nimesoma mara tatu nikitafuta uongo sikuuona. Mimi nimeshasaini. Panabaki sahihi yako chini, mkuu wa kaya. Saini kabla timu ya kuhesabu haijaja, Sundi aipeleke kwa mtendaji mwenyewe, isipitie kwa mtu.

Nilikuwa nimepanga kuja mwisho wa mwezi huu, nimwogeshe Bibi, nimkate kucha, nimsaidie Sundi kufunga begi. Siji. Afisa kasema watauliza majirani nani analala hapo, na ukimuuliza mama Ngollo atataja mpaka waliokuja kusuka nywele. Nikionekana nimelala hata siku mbili, nimerudi kwenye hesabu. Nitakuja wakishamaliza. Sundi akiitwa chuoni kabla ya hapo, ashuke Kahama, tutaonana stendi, nitamletea sanduku.

Watakuuliza swali moja, tena mbele ya mkutano, watu wote wakisikia. Minza ni wa kaya hii? Sema hapana. Nakujua, utataka kuongeza lakini. Utataka kueleza kwamba ni wa kwanza, kwamba ulimzaa mwaka wa njaa, kwamba mabati ni yake. Usiongeze. Ukiongeza neno moja watageuza kichwa kwenye kile kishikwambi. Sema hapana, kaa chini, utengeneze khanga yako.

Nisalimie Baba mdogo Shija, mwambie zile mbegu za pamba alizoniulizia, bei yake huku haishikiki. Shangazi Holo namwombea, niliambiwa kaanguka kisimani. Mama Ngollo msalimie pia, jirani ni jirani. Bibi mwambie maziwa yatarudi, usimwambie lini. Sundi, najua unasoma juu ya bega la mama: jaza fomu yote leo, acha hiyo nafasi ya namba tu, utaiandika ikifunguliwa. Usikate tamaa, na usimruhusu mama akate simu tena.

Nimechoka, mkono wa kuponda mawe hauzoei kalamu. Kwenye ile karatasi nyingine kuna mahali pameandikwa: uhusiano na mkuu wa kaya. Niliishikilia kalamu kwa muda mrefu, mwenye muhuri akaniharakisha, nikaandika: hakuna. Kwenye barua hii hakuna aliyeniuliza, ila naandika mwenyewe.

Mwanao,
Minza